Mkwaruzo wa Plastiki Si Deni la Kijana wa Gereji

Ndugu wafanyakazi,

Hapa Niboye, wilayani Kicukiro, huletwa Land Cruiser na pikapu zilizotoka kwenye barabara za udongo za mashamba. Matawi yamezikwaruza, mawe yamezipiga, na plastiki nyeusi za bampa na madigadi zimepauka kama majivu. Mwenye gari anataka jambo moja tu: ling'ae. Kazi hiyo anapewa kijana wa gereji au wa kinamba. Analipwa kwa gari, si kwa saa, na mkwaruzo usipotoka tajiri anamkata fedha. Sisi wa chama tunasema kukatwa huko ni dhuluma. Tutaeleza kwa nini, maana asiyeijua kazi yake hudhulumiwa mchana kweupe.

Tuanze na plastiki yenyewe. Ile nyeusi isiyopakwa rangi mara nyingi ni polipropilini. Ile angavu ya taa za mbele ni polikaboneti. Kigali iko karibu na Ikweta, kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari, na jua la namna hiyo hula ngozi ya plastiki mpaka ikapauka na taa zikawa na ukungu. Dereva anayeshuka milima yetu usiku kwa taa zenye ukungu anahatarisha roho yake na za wenzake. Kwa hiyo kazi ya kung'arisha si ya urembo tu.

Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha usipokwama, mkwaruzo ni wa juu na huenda ukatoka. Ukikwama, umeingia ndani. Polishi itaufifisha tu, haitauondoa. Taa husuguliwa kwa msasa wa maji, kuanzia namba 800, kisha 1500, 2000 na 3000, halafu polishi. Mwisho hupakwa vanishi isiyo na rangi ya kuzuia jua. Ukiiacha vanishi, ukungu hurudi baada ya miezi michache. Lakini bampa nyeusi yenye vipele usiiguse kwa msasa: vipele vikiisha havirudi. Hiyo huoshwa kwa sabuni na brashi, ikakauka, ikapakwa dawa ya plastiki. Wengine huipitishia hewa ya moto, na weusi hurudi kwa muda, lakini ukizidisha kidogo plastiki huyeyuka.

Basi tunauliza: mkwaruzo ambao hauwezi kutoka, kijana anakatwa mshahara kwa kosa gani? Je, ni yeye aliyeliendesha gari porini?

Jambo la pili ni zito zaidi. Wako wanaofuta plastiki kwa petroli au thina, kwa sababu ni rahisi na hung'aa papo hapo. Mng'ao huo haudumu, bali madhara yake hubaki mwilini. Petroli ina benzini, na benzini huleta saratani ya damu. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 136 juu ya sumu hiyo tangu mwaka 1971. Thina huleta kizunguzungu na kuumwa kichwa, na mtu akiivuta miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu. Vanishi za kuchanganya dawa mbili zinaweza kumpa mpulizaji pumu ya maisha. Barakoa ya kitambaa au karatasi haizuii mvuke huo. Inatakiwa ile yenye kichujio cha mvuke.

Baadhi ya matajiri husema, "Hii ni kazi ndogo ya vijana, haina mkataba, sheria haituhusu." Si kweli. Sheria ya kazi ya Rwanda, namba 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018, inawagusa hata wafanyakazi wa sekta isiyo rasmi katika afya na usalama kazini na katika haki ya kuunda chama. Na mwezi Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani liliyaweka mazingira salama ya kazi miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi, sawa na haki ya kuungana.

Kwa hiyo tunadai haya:

1. Gari likaguliwe mbele ya mwenyewe kabla ya kazi, na mkwaruzo usiotoka uandikwe. Asikatwe mtu kwa huo.

2. Petroli isitumike kufuta plastiki wala kunawa mikono. Msasa utumike na maji, vumbi lisiruke.

3. Tajiri anunue glavu na barakoa ya mvuke. Vanishi ipulizwe mahali penye hewa.

4. Mfanyakazi aandikishwe RSSB, ili akiugua kwa ajili ya kazi asiachwe peke yake.

Ndugu wa viwandani na wa mashamba ya chai, msiseme haya ni ya Niboye tu. Gereji za mashamba zina petroli ile ile na vijana wale wale. Dereva unayepeleka gari la kampuni, uliza: anayelisugua amevaa nini? Mwenye gari akitaka ling'ae, gharama ni yake, si ya mapafu ya kijana.

Umoja ni nguvu!