Ruzuku ya pamba: Sh80 za 2009 na deni la 2019

BEI ya pamba inapotangazwa, mkulima wa Bunda huuliza kwanza ni shilingi ngapi kwa kilo. Swali zito zaidi ni nani atakayetoa fedha hizo iwapo soko la dunia litayumba. Misimu miwili, wa 2009 na wa 2019, inaonyesha tofauti.

Mapema 2008 pamba nyuzi iliuzwa kwa takriban senti 80 za Marekani kwa ratili. Kufikia Novemba, msukosuko wa fedha uliifikisha karibu senti 55, na wenye vinu walionunua kwa mikopo ya benki wakaingia hasara. Juni 10, 2009, Rais Jakaya Kikwete alitangaza mjini Dodoma mpango wa kunusuru uchumi. Soko lilikuwa likimudu Sh360 kwa kilo ya pamba mbegu. Serikali ikaongeza Sh80, bei ikawa Sh440.

Si fedha nyingi. Chukua mkulima wa Nyamuswa mwenye ekari mbili, anayevuna kilo 300 kwa ekari: ruzuku yake ni Sh48,000. Tena ruzuku inayohesabiwa kwa kilo lazima ipite kwenye mizani, na mizani ni kilio cha siku nyingi cha wakulima wa Kanda ya Ziwa. Ikipunja kilo tano katika kila 100, mkulima huyo anapoteza kilo 30, yaani Sh13,200. Zaidi ya robo ya ruzuku imekwisha kabla hajafika nyumbani. (Wapo pia wakulima wanaotia maji na mchanga kwenye pamba, nao wamewapa wanunuzi kisingizio kizuri.) Aidha, ambaye shamba lake lilikauka au kukanyagwa na tembo wa Serengeti hakuwa na kilo za kupima, hivyo hakuwa na ruzuku.

Hata hivyo, kasoro hizo ni ndogo zikilinganishwa na yaliyotokea miaka 10 baadaye. Msimu wa 2019 bei ilitangazwa Sh1,200, lakini safari hii Serikali haikuongeza chochote juu ya kila kilo. Bei ya dunia iliposhuka, wanunuzi walisita. Pamba ilipokewa kwenye vyama vya msingi, na wakulima wengi wakakaa miezi wakishika karatasi badala ya fedha. Mkulima ndiye aliyemkopesha mnunuzi, bila riba, huku vibarua wa kuandaa shamba, dawa za msimu mpya na sare za watoto vikimsubiri. Mwaka 2020 bei ikafunguliwa Sh810.

Kutangaza bei ya juu bila fedha nyuma yake kulimuumiza mkulima kuliko Sh80 zile zenye kasoro.

Marekani hulipa wakulima wake kutoka hazina. Brazil iliishitaki kwenye Shirika la Biashara Duniani na kushinda, na mwaka 2014 ikalipwa dola milioni 300 kumaliza ugomvi. Tanzania haina hazina ya namna hiyo. Inachoweza ni kuweka akiba miaka ya neema ili kufidia bei miaka ya njaa, kwa tozo ndogo kwa kila kilo. Neema ilikuwapo: Machi 2011 pamba nyuzi ilipita dola mbili kwa ratili, na huku nyumbani bei ikavuka Sh1,000. Mwaka uliofuata ilifunguliwa Sh660.