Bukavu: Kodi ya soko ijenge kivuli cha mboga

Wakaaji wengi wa Bukavu wanakula lengalenga, sombe, matembele ama shu karibu kila siku. Kwenye vituo vya afya wamama wanashauriwa kuwapa watoto mboga za majani. Shauri hilo ni zuri. Lakini je, mboga inayofika kwenye sahani bado ina nguvu ile iliyotoka nayo shambani?

Tufuate fungu moja la lengalenga kutoka Kabare. Linavunwa jioni, linabanwa ndani ya gunia, na asubuhi linaletwa Kadutu mgongoni ama kwa pikipiki. Sokoni linawekwa chini, juani. Saa nane mchana majani yamelegea, na muuzaji anayanyunyizia maji ili yaonekane mabichi.

Jani likisha kukatwa linaendelea kupumua na kula akiba yake. Joto likizidi, akiba inaisha upesi. Vitamini C ndiyo inatangulia kupotea, zaidi sana jani likinyauka. Ile ya kutengeneza vitamini A inavumilia kidogo, lakini jua kali linaiharibu nayo. Maji yanaweza kusimamisha jani. Hayarudishi kilichokwisha kupotea. Na kama ni maji machafu, tunanunua mboga pamoja na ugonjwa.

Kuna wanaosema kosa ni la wamama wauzaji. Mimi sikubali. Mama huyo analipa kodi ya soko, na mboga ikinyauka hasara ni yake kwanza: jioni anashusha bei ama anatupa. Hawezi kujijengea paa peke yake. Wenye kupokea kodi ndio wanapaswa kujibu. Tunaomba vitu vitatu tu upande wa mboga: mabati juu, meza, na bomba la maji safi. Wakati tunangoja, kamati ya soko inaweza kuitisha salongo, watu wasimamishe miti na kutandika maturubai. Kivuli hakihitaji mradi mkubwa.

Na sisi tuna sehemu yetu. Mkulima avune alfajiri, asibane majani sana, afunike kikapu na gunia lililoloweshwa kwa maji safi. Nyumbani, tununue mboga ya kupika leo. Tuoshe kabla ya kukata, maana vitamini C inatoka na maji. Lengalenga ipikwe muda mfupi kwa maji kidogo, na mchuzi wake usimwagwe. Mawese kidogo yanasaidia mwili kupokea vitamini A. Sombe ni tofauti: itwangwe na ipikwe sana, kwa sababu majani ya muhogo yana sumu. Mwenye kukausha mboga, aikaushe kivulini penye upepo.

Mkulima wa Kabare amefanya kazi yake, na mama wa Kadutu analipa kila anachodaiwa. Sasa ni zamu ya wakubwa wa soko: watuonyeshe kodi hiyo imejenga nini.