Polisi Wakiandaa Bonanza, Nani Anawakagua?

Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, kifungu cha 43, inamtaka mtu anayetaka kuitisha mkutano wa hadhara ampe taarifa mkuu wa polisi wa eneo si chini ya saa 48 kabla. Wanasiasa wanakijua kifungu hicho kuliko wanavyozijua ilani zao. Lakini siku polisi wenyewe wanapowaita watu uwanjani, taarifa inapelekwa kwa nani? Mwandaaji, mkaguzi na mwenye mamlaka ya kuzuia ni ofisi ileile, mara nyingi meza ileile.

Sina ugomvi na mabonanza. Tangu falsafa ya Polisi Jamii ilipoanza kusukumwa kwa nguvu enzi za IGP Said Mwema, hadi kata zilipoanza kupangiwa wakaguzi wa polisi, mpira na ngoma vimefanya kazi ambayo mikutano ya kijiji haikuiweza. Mama ambaye hajawahi kukanyaga kituo cha polisi anaweza kuzungumza na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto pembeni ya uwanja, macho ya watu yakiwa kwenye penalti. Faida hiyo ni kubwa. Ninachohoji ni jicho linalotumika kupanga siku yenyewe.

Askari amefundishwa kumtafuta mhalifu. Akipanga ulinzi wa shughuli anawaza mwizi wa simu, mlevi, mwenye kisu, mchochezi. Umati unaua bila hata mmoja wa hao kuwepo. Tarehe 1 Februari 2020, katika Uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa waumini walipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako kwenye ibada ya Mtume Boniface Mwamposa. Mwaka uliofuata, tarehe 21 Machi, wananchi walifurika Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, kumuaga Rais John Magufuli, na baadaye Kamanda wa Polisi wa Kanda Maalumu, Lazaro Mambosasa, akatangaza kuwa waliopoteza maisha ni 45. Sidhani kama siku hiyo kulikuwa na uwanja Tanzania uliolindwa kuliko ule. Askari walikuwa wa kutosha, na adui hakuwepo. Watu wakizidi watano au sita katika mita moja ya mraba, mtu hajiongozi tena. Anapelekwa, kifua kinabanwa, anakosa pumzi akiwa amesimama.

Baada ya maafa, jicho lilelile hutafuta wa kulaumiwa. Mfano unaotajwa zaidi duniani ni Hillsborough, Uingereza, tarehe 15 Aprili 1989. Msongamano nje ya uwanja ulipozidi, kamanda wa polisi aliamuru lango liitwalo C lifunguliwe, lakini hakuna aliyeziba njia ya chini iliyokuwa ikiwapeleka watu moja kwa moja kwenye vizimba vilivyokwisha kujaa. Walikufa 97. Polisi walidai kwanza kwamba mashabiki ndio waliolivunja lango, na ilichukua hadi mwaka 2016 kwa baraza la uchunguzi kutamka kwamba watu wale waliuawa isivyo halali na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa.

Sasa tuulete mjadala kwenye bonanza la kata, tuseme Kilangala, Mkoa wa Lindi, maana hofu ya viwanja vikubwa ikibebwa nzimanzima hadi huku inapotosha. Uwanja wa mpira wa kijijini hauna ukuta wala mageti. Mtu akibanwa anarudi nyuma, anakwenda zake kwenye mikorosho. Anayetaka kupanga usalama wa bonanza la kata kwa kunakili mpango wa Uwanja wa Mkapa atahesabu milango isiyokuwepo na kusahau mambo yaliyopo. Kwa maoni yangu ya kwanza kuangaliwa ni manne, na ukubwa wake haulingani.

Meza ya zawadi ni mojawapo. Fulana za bure zikirushwa juu kutoka kwenye gari la polisi, watoto wanaingia chini ya magurudumu kuzifuata. Kinachowavuta ni kilekile kilichowavuta watu wa Moshi: kitu kichache, mahali padogo, kila mtu akitaka kuwahi. Dawa yake ni rahisi mno: zigawiwe kwa majina, kupitia walimu na wenyeviti wa vitongoji, au zisigawiwe kabisa.

Jingine ni mvua. Wingu la masika likipasuka, kundi zima linakimbilia kwenye madarasa mawili yenye mlango mmoja mmoja, na hapo ule msongamano ambao uwanja wazi ulituepusha nao unapatikana ndani ya dakika mbili. Mwalimu mkuu anajua ni milango ipi haifunguki vizuri. Sijui ni mara ngapi ameulizwa.

Halafu kuna kamba. Mchezo wa kuvuta kamba haukosekani kwenye bonanza la polisi, askari upande huu na raia upande ule, na pwani kamba huazimwa kwa wavuvi. Kamba ya nailoni iliyokaa juani na kwenye maji ya chumvi kwa miaka inaweza kuonekana nzima wakati nguvu yake imeshapungua. Mjini Taipei, mwaka 1997, kamba ilikatika kwenye mchezo wa watu zaidi ya elfu moja na wanaume wawili wakang'olewa mikono. Kilangala hawatavuta watu elfu moja, lakini hata ishirini kwa ishirini ni uzito wa kutosha, na kosa kubwa hufanywa na yule wa mwisho anayejizungushia kamba kiunoni au kiganjani ili isimponyoke. Askari anayesimamia mchezo amkataze kabla filimbi haijalia.

Yote hayo, nikiyapima, hayafikii safari ya kurudi. Timu kutoka Mchinga, Kitomanga au Milola hazifiki kwa basi. Zinapakiwa kwenye fuso, wachezaji na mashabiki wamesimama nyuma wakiimba, na wengine wanakuja kwa bodaboda mshikaki, watatu hadi wanne. Siku nyingine trafiki angewashusha wote barabarani. Siku ya bonanza la polisi anawapungia mkono, kwa sababu ni wageni wa mkubwa wake. Hapa ndipo kukosekana kwa mkaguzi wa nje kunapouma: anayepaswa kuzuia ndiye mwenyeji.

Wapo watakaosema mipango ya namna hii itaua shughuli. Wana hoja. Mkaguzi wa kata hana fungu la bonanza. Jezi ameomba kwa mfanyabiashara, maji ameahidiwa na diwani, spika ni za msikiti au za harusi. Tukimwongezea fomu yenye ada ataacha, na kijana aliyekuwa acheze mpira atakuwa kijiweni. Isitoshe, kila karatasi inayohitaji mhuri hufungua mlango wa mtu kudai chochote. Kwa hiyo nisingependa sheria mpya wala kibali kipya. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeshaweka kamati hadi ngazi ya kata na kijiji. Zikutane wiki moja kabla: mtendaji wa kata, mwalimu mkuu, mganga mfawidhi, mkaguzi wa kata na mtu wa bodaboda.

Mganga ndiye ningempa sauti ya mwisho. Yeye anajua kama dripu zipo, kama gari la wagonjwa ni zima au liko gereji, na itachukua muda gani kumfikisha majeruhi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Sokoine, Lindi mjini. Anajua pia kwamba ndoo moja ya maji yenye kikombe kimoja kwa watu mia tano ni njia ya kusambaza kipindupindu. Kuhusu usafiri wa dharura, hatuanzi na sifuri: mfumo wa m-mama, kupitia namba 115, umekwisha kuonyesha kwamba madereva wa kawaida wa jamii wanaweza kuandikishwa na kuitwa kumwahisha mjamzito au kichanga hospitalini. Mfumo ule ni wa hao tu na uachwe hivyo, ila utaratibu wake unaigika: gari moja binafsi, dereva anayejulikana, mafuta yamelipiwa kabla, halitumwi kufuata soda.

Ugumu ni kwamba mganga wa kata hawezi kumwambia OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, "Afande, leo haiwezekani." Cheo hakiruhusu, na baada ya bonanza ataendelea kumhitaji polisi. Ndiyo maana amri itoke juu: Kamanda wa Polisi wa Mkoa aandike kwamba bila saini ya mganga hakuna filimbi, kisha mganga akikataa awe ametekeleza agizo la kamanda, asionekane amemgomea mtu.

Limebaki suala la saa. Mwaka 2022 polisi wa Malang, Indonesia, waliomba mechi ya Uwanja wa Kanjuruhan ianze saa tisa na nusu alasiri badala ya saa mbili usiku. Waendeshaji wa ligi walikataa kwa sababu ya ratiba ya televisheni. Usiku huo polisi walewale walirusha mabomu ya machozi kwenye majukwaa, na watu 135 wakafa. Kwetu televisheni haipo, yupo mgeni rasmi. Fainali iliyopangwa saa tisa inasubiri msafara wake hadi saa kumi na moja na nusu, hotuba zinafuata, kombe linatolewa giza likiingia, na lile fuso linaondoka na taa moja. Mechi ianze saa tisa, afike asifike. Kombe hata mwalimu mkuu anaweza kulikabidhi.