Mtoto Akisema "Naogopa"

Jioni moja hapa Musoma mwanangu alikuwa akitazama katuni ya Courage, mbwa mwoga aliyebuniwa na John R. Dilworth wa Marekani. Mfululizo wake ulitolewa mwaka 1999 hadi 2002. Nilitaka kuizima kwa sababu ya mazimwi yake, lakini nikakaa nikatazama.

Kisa hujirudia: kitu cha kutisha kinafika, mbwa peke yake anakitambua, mzee Eustace anamtukana na kumtisha kwa kinyago. Hata hivyo, huku akitetemeka, anamwokoa bibi Muriel kwa kuwa anampenda.

Nikakumbuka hadithi za zimwi alizotusimulia bibi kule Butiama. Zilitutisha, lakini tulizisikiliza tukiwa tumemwegemea.

Wiki ile mwanangu alikuwa amekojoa kitandani, nami muuguzi mzima nikamwita kikojozi na mwoga. Eustace nilikuwa mimi! Nikamwomba radhi. Ndipo akaniambia kuna mvulana anayempiga njiani kwenda shule.

Mama, mtoto akisema "naogopa", usimcheke. Muulize, "Umeona nini?" Kisha msikilize mpaka amalize.