Prado Si Barabara

Huku kwetu kwa majani chai, kutoka Kericho mpaka Bomet, kuna ugonjwa ambao hauna jina lakini dalili zake kila mtu anazijua. Bonasi ya Oktoba ikikaribia, mtu ambaye mwaka mzima amekuwa akienda kazini na matatu, ama na Probox ya jirani, anaanza kukuonyesha picha kwa simu. Pajero ya zamani. Prado ya namba ya KB. Escudo. Kama ni kijana, Jimny. Ukimuuliza sababu, jibu ni moja: "Si unajua barabara yetu?"

Naijua. Wote tunaijua. Na hilo jibu, ambalo linasikika kama la mtu mwenye akili zake, ndilo limetuweka kwa matope miaka hii yote.

Wacha nianze na hesabu. Niliacha chuo kabla ya kumaliza, lakini hii haitaki digrii.

Chukua mwalimu anayeishi ndani ndani huko kijijini na anafanya kazi Kericho mjini. Tuseme kwenda na kurudi ni kilomita 60. Kati ya hizo, matope ni kilomita mbili asubuhi na mbili jioni. Zile 56 zilizobaki ni lami, ambayo hata Vitz inapita bila kuomba Mungu. Sasa mwalimu amenunua 4x4 ya petroli, kuukuu, inayokula lita moja kwa kilomita sita. Hiyo ni lita 10 kwa siku. Gari ndogo inayoenda kilomita 15 kwa lita ingetumia lita 4. Kwa siku 26 za mwezi, tofauti ni lita 156. Piga na shilingi 180 kwa lita: shilingi 28,080 kila mwezi, na hapo hujabadilisha oili, hujanunua tairi, fundi hajakuambia kuna kitu kinalia huko chini.

Tuseme majani mabichi unalipwa shilingi 25 kwa kilo kabla ya bonasi. Hizo 28,080 ni zaidi ya kilo 1,100 za majani. Keti na hiyo namba kidogo. Kuna mama ameinama kwa mvua ya saa tisa akichuma kilo 1,100 kila mwezi, na kazi yote hiyo inatoka kwa ekzosi yako kama moshi. Umeichoma kwa lami, si kwa matope, kwa sababu huko kwa lami ndiko unakoendesha.

Na wengi hawajui kwamba 4x4 nyingi za zamani, zile za kuvuta gia ya pili ili magurudumu yote yafanye kazi, kwa lami zinafaa kuendeshwa kwa magurudumu mawili tu. Ukiacha yote manne yamefungwa kwa lami kavu, gia zinakazana zenyewe na mwishowe kitu kinavunjika. Kwa hivyo kwa kilomita 56 kila siku unabeba difu ya mbele na propela yake kama mzigo. Unalisha ng'ombe ambaye unamkama dakika kumi kwa siku.

Lakini kuna maumivu mengine, na haya yananiuma kuliko mafuta yenyewe.

Tangu Julai 2024, kila lita ya petroli na dizeli unayonunua Kenya ina shilingi 25 za ushuru wa kutunza barabara. Kabla ya hapo ilikuwa 18. Mwalimu wetu na lita zake 260 kwa mwezi analipa shilingi 6,500 za barabara. Angekuwa na gari ndogo angelipa 2,600. Yaani alinunua gari kubwa kwa sababu barabara ni mbaya, na sasa kwa sababu ana gari kubwa anailipia barabara hiyo mbaya mara mbili na nusu ya jirani yake. Kwa mwaka ni shilingi 78,000. Barabara iko vile vile.

Pesa zenyewe zinaenda wapi? Mwaka 2025 serikali ilichukua shilingi 7 za kila lita ikazitanguliza kama dhamana, ili ipate bilioni 175 za kulipa wakandarasi madeni ya zamani. Kwa hivyo sehemu ya ushuru wa leo inalipia kazi za jana. Upande mwingine, magavana na wabunge wamepelekana kortini wakigombania bilioni 10.5 za mfuko huo huo: ziende kaunti ama zibaki kwa mashirika ya serikali kuu? Wakubwa wakiwa kortini, maji ya mvua yanaendelea kukata barabara ya kwenda kwa kituo cha kununulia majani. Maji hayangoji uamuzi wa jaji.

Hata kabla haijagusa matope yetu, serikali imeshakula kwa hiyo gari. Gari za mtumba kutoka Japani haziruhusiwi kuingia zikiwa zimepita miaka minane tangu zisajiliwe mara ya kwanza. Ushuru wa forodha ulipandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35 mwaka 2023. Kwa injini ya dizeli inayozidi sisi 2,500, kama ile Prado ya 2,800, kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 35 juu ya hiyo, halafu VAT ya asilimia 16 juu ya yote. Gari ya thamani ya shilingi 100 inakuwa 211 kabla ya ada nyingine ndogo ndogo. Ndiyo maana mtu wa kawaida hanunui hiyo. Ananunua ile iliyokwisha kuzunguka Kenya miaka kumi na tano, imepita kwa mikono ya watu watano, na kila mmoja ameiuza kwa sababu ambayo hakuisema.

Sasa tuseme ukweli ambao tunauzunguka. Angalia kijijini kwenu ni nani wana 4x4. Hedimasta. Mkurugenzi wa kiwanda. MCA. Mchungaji. Mwenye agrovet. Hawa ndio watu ambao wakisimama kwa baraza, chifu anaandika. Wakipiga simu, mtu wa kaunti anashika. Na hao ndio wamejinunulia njia ya kutoka. Siku ya mvua wanavuta gia, wanapita, wanakurushia matope kidogo, wanakupungia mkono. Wanaobaki ni bodaboda, mama wa gunia mgongoni, watoto wa shule na lori la majani. Wenye sauti hawana shida, na wenye shida hawasikizwi. Kila 4x4 inayonunuliwa kwa sababu ya barabara inapunguza mpiga kelele mmoja.

Na lori ndilo linalobeba maisha yetu. Majani yaliyochumwa asubuhi hayangoji. Lori likizama, majani yanakaa kwa gunia, yanapata joto, yanaanza kuwa mekundu. Yakifika kiwandani, mengine yanakataliwa, mengine yanatoa chai ya daraja la chini. Halafu bonasi ikitangazwa tunashangaa kwa nini wenzetu wa mashariki ya Bonde la Ufa wanalipwa zaidi. Sisemi barabara ndiyo sababu pekee, huo ungekuwa uongo. Lakini ni sababu ambayo Prado yako haiwezi kuondoa. Hakuna mtu amewahi kupeleka tani tano za majani kiwandani na Prado.

Utaniambia, "Na mgonjwa usiku?" Swali zuri. Mama akishikwa na uchungu saa nane za usiku, gari yako itamsaidia kama uko nyumbani, kama kuna mafuta, kama betri haijakufa, na kama wewe ni mtu wa roho nzuri. Hizo "kama" ni nyingi sana kwa maisha ya mtu. Barabara nzuri haihitaji roho nzuri ya mtu yeyote. Ambulensi inapita, Probox inapita, hata pikipiki inapita bila kumwangusha.

Utaniambia pia kuna watu wanaihitaji kweli. Kuna wanaoihitaji. Afisa wa shambani anayezunguka vituo kila siku, mwenye kupeleka mbolea na malisho, daktari wa mifugo. Kazi yao yote iko kwa matope. Hao wanunue, na wanunue kwa macho wazi. Lala chini ya gari na uangalie chesisi. Nyingine zimetoka sehemu za Japani ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi hula chuma. Jaribu magurudumu manne kwa matope, si kwa uwanja wa muuzaji. Soma tarakimu nne ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, hata kama muuzaji anaapa ni mpya. Angalia rekodi za NTSA uone kama jina la mwenye gari ni la huyo anayetaka pesa zako, na usilipe yote kabla ya kuhamisha umiliki.

Lakini wewe wa kilomita mbili, weka tairi nzuri kwa gari ndogo, beba jembe na kamba kwa buti, na siku mbili tatu mbaya kwa mwezi uiache kwa lami utembee. Nunua bonasi yako kitu kingine. Halafu hasira utakayobaki nayo kwa kutembea kwa matope ukiwa na viatu vya kazi, ipeleke mahali inafaa.

Mahali hapo pako. Sheria ya fedha za umma ya 2012 inataka makadirio ya bajeti ya kaunti yafike kwa bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka, na umma usikizwe. Kwa hivyo vile vikao vya wadi ambavyo tunaenda kwa sababu ya soda vina maana. Usiende kusema "tunaomba barabara." Barabara ni neno kubwa, mwanasiasa analijibu na neno kubwa lingine. Sema: tunataka kalvati tatu kati ya kituo cha majani na lami, mitaro pande zote mbili, na mgongo wa barabara uinuliwe ili maji yashuke kando. Barabara za huku haziuawi na magari, zinauawa na maji yasiyo na pa kwenda. Ukitaka ushahidi, ingia kwa mashamba makubwa ya kampuni karibu na Kericho. Mvua ni hiyo hiyo, udongo ni huo huo mwekundu, na trakta zao zinapita, kwa sababu kuna mtu ana kazi ya kuzibua mitaro.

Na hedimasta, mkurugenzi, mchungaji, mwenye 4x4 tayari: njoo kwa kikao pia. Njoo na risiti za mafuta za mwezi mmoja, uzidishe lita na 25 mbele ya watu wote, halafu umuulize MCA ulichonunua.