Yule mama aliyekuwa anafua, wamemzika?

MWENZENU mwezi uliopita nilikuwa Peramiho. Msiniulize nilifuata nini, maana siku hizi mtu akitoka Dar kwenda Songea watu wanadhani kafuata mahindi. Nilikwenda kwenye kipaimara cha mtoto wa mdogo wangu. Kanisa la abasia lilijaa pomoni, kengele zikalia mpaka nadhani watu wa Songea mjini, kilomita kama 24 kutoka pale, walizisikia (haya, natia chumvi kidogo). Baada ya misa tukala, tukanywa ulanzi kwa adabu, maana mapadre walikuwepo.

Kisa chenyewe kilianza usiku. Watoto walikuwa na flashi imejaa sinema za kupigana mateke. Mimi na mateke mbalimbali. Nikapekua pekua humo, mara naiona Born Free. Jamani, moyo ukapiga paa! Nikawaambia, "Nyie, wekeni hii. Babu yenu aliiona hapa hapa Peramiho kabla mama zenu hawajazaliwa."

Na sikudanganya. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Bruda mmoja alitundika shuka jeupe ukutani, mashine ikaunguruma, wadudu wote wa wilaya wakaja kwenye ule mwanga, na sisi tukakaa chini kwenye majani. Mwalimu wetu alisimama kando kututafsiria. Tafsiri yake ilikuwa kasheshe. Wazungu wanaongea dakika nzima, yeye anasema, "Anamwambia asiende." Basi, kamaliza.

Kwa ambaye hajaiona, hiyo ni sinema ya mwaka 1966, iliyopigwa Kenya. Inasimulia habari za kweli za bwana nyama George Adamson na mkewe Joy. Mwaka 1956 George alimpiga risasi simba jike, kumbe alikuwa na watoto watatu. Wawili walipelekwa bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi, akabaki mdogo wao, Elsa. Huyo Elsa akalelewa kwa chupa kama mtoto wa mtu, akacheza na pimbi wa nyumbani, akalala kitandani. Alipokua, wenyewe hawakutaka aende kufungiwa, wakamfundisha kuwinda na kumrudisha porini. Akaweza. Na bado alikuwa anarudi kuwasalimia, akawaletea na watoto wake watatu wawaone.

Simba alipopanda kitandani, uwanja mzima ulipasuka kwa kicheko. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Kitandani! Na mumewe yupo!" Sina mbavu mpaka leo.

Lakini kabla ya hayo yote, mwanzoni kabisa, kuna mama mmoja Mwafrika anafua nguo mtoni. Simba anamvamia, anamuua. Ndiyo sababu bwana nyama anachukua bunduki, na ndiyo sababu Elsa anabaki yatima. Hilo linapita haraka, baada ya hapo ni vitoto vya simba na muziki mtamu (ule muziki ulipata tuzo ya Oscar, si mchezo).

Sasa, tumefika nusu ya sinema, Elsa anacheza mpira, watu kimya, wengine machozi yanawalenga. Ndipo Baba Mkubwa, kaka yake marehemu baba, aliposimama na fimbo yake na kumuuliza mwalimu kwa sauti: "Mwalimu, yule mama aliyekuwa anafua, wamemzika?"

Watu walicheka kuliko walivyocheka kitanda. Mwalimu akasema, "Mzee, kaa chini, hiyo imeshapita." Yeye hakukaa. Akauliza la pili: "Na huyo simba akikua atakula mbuzi wa nani?" Vijana wakaanza kupiga miluzi. Mimi nilikuwa kijana wa sekondari, najiona msomi, na pembeni yangu kulikuwa na msichana niliyekuwa nataka anione mtu wa maana. Nilijikunja pale kwenye majani nikaomba asijulikane kuwa ni wa kwetu. Mzee akaondoka zake peke yake gizani. Sikumfuata.

Basi bwana, miaka ikapita, nikaja kuvisoma vitabu vya Joy Adamson. Kuna kile cha 1960 chenye jina lile lile la sinema, na vingine vilivyofuata. Kumbe Elsa alikufa Januari 1961, kwa ugonjwa wa kupe, na kaburi lake liko hifadhi ya Meru. Watoto wake walibaki bila mama, bado hawajawa hodari wa kuwinda, wakafanya nini? Wakaingia kwenye maboma ya watu, wakala mbuzi! Ikabidi wakamatwe wahamishwe, na unajua walipelekwa wapi? Huku kwetu, Serengeti, mwaka huo huo wa 1961. Mmoja alisafirishwa akiwa na mshale mwilini, maana wenye mbuzi nao si watu wa kutazama tu.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Lile swali la mbuzi lililopigiwa miluzi Peramiho lilikuwa limejibiwa kitambo.

Wala si mbuzi tu. Sinema ile haikuchezwa na simba mmoja, walitumika wengi. Kazi ilipokwisha, wengi wao walipelekwa kwenye bustani za wanyama. Sinema yenyewe inaitwa kuzaliwa huru, jamani! George aliomba apewe, akaambulia watatu, Boy, Girl na Ugas, akaenda kuwafundisha pori. Huyo Boy mwaka 1971 alimuua mfanyakazi wa George mwenyewe, na George akampiga risasi. Walioigiza kama George na Joy walikuwa Bill Travers na Virginia McKenna, mume na mke kweli kweli, na hilo la bustani liliwakaa rohoni. Mwaka 1969 walicheza sinema nyingine na mtoto wa tembo aliyeitwa Pole Pole. Kazi ikaisha, Pole Pole akapelekwa bustani ya wanyama ya London. Akafa 1983. Mwaka uliofuata wakaanzisha shirika la kutetea wanyama waliofungiwa, na shirika hilo lipo mpaka leo.

Na wenyewe Adamson? Joy alikutwa ameuawa Januari 1980 huko Shaba. Watu wakasema ni simba. Wapi! Alikuwa binadamu, mtu aliyewahi kumfanyia kazi. George, waliyemwita Baba ya Simba, alipigwa risasi na majambazi Kora, Agosti 1989, yeye na wasaidizi wake wawili Wakenya. Simba aliyelala kitandani hakumla yeyote.

Turudi kwa Baba Mkubwa. Baadaye sana, yeye keshatangulia mbele ya haki, ndipo nilipoelezwa. Alipokuwa mtoto ukoo wetu ulikuwa upande wa Njombe. Miaka ile, ya 1930 na 1940, simba wa Njombe waliua watu kwa mamia, na wengi waliamini ni simba wa kutumwa na mganga, kwa hiyo hata kuwataja waliogopa. Serikali ikamtuma bwana nyama, naye jina lake George vile vile, George Rushby, akawamaliza kufikia 1947. Kabla hajafika, dada yake Baba Mkubwa alikwenda mtoni. Walichopata kuzika ni kaniki.

Sasa ndiyo mnielewe nilivyokuwa usiku ule na watoto. Mama anafua. Simba anakuja. Nikatazama pembeni, najifanya natafuta miwani. Sinema ikaendelea, Elsa akapanda kitandani, watoto wakacheka kama tulivyocheka sisi. Yule wa kipaimara hakucheka. Akanigeukia: "Babu, mbona yule mama hawakuonyesha msiba wake?"

Nikawaambia wasimamishe. Nikawasimulia habari za kaniki. Wakanyamaza, halafu huyo huyo akauliza, "Alikuwa anaitwa nani?" Mtu mzima nikabaki mdomo wazi. Sikuwahi kuuliza.

Asubuhi nikaenda kwa Shangazi, ndiye pekee aliyebaki wa rika lile. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikauliza. Alinitazama muda mrefu, akaniuliza mbona leo, miaka yote nilikuwa wapi. Nikamwambia nilikuwa naangalia sinema ya simba. Akatikisa kichwa, akafikicha tumbaku yake taratibu, kisha akanitajia jina. Nimeliandika nyuma ya kitabu changu cha sala. Humu gazetini siliweki, maana ruhusa ya kuliweka sikumwomba.