Ouma Alibebeshwa Zigo Lisilo Lake

Coastal Union ilimaliza Ligi Kuu ya 2023/24 katika nafasi ya nne chini ya Mkenya David Ouma, ikakata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Huko ikachapwa 3-0 na Bravos do Maquis ya Angola, marudiano yakaisha kwa suluhu, na kabla msimu mpya haujachanganya, klabu ikaachana naye. Huku Lushoto wapo mashabiki wa Coastal (Wagosi wa Kaya) waliopiga makofi. Mimi naona uamuzi ule ulikuwa wa pupa, na baya zaidi, wa mazoea.

Najua utetezi wa uamuzi huo: kocha hulipwa kwa matokeo, na mabao matatu si haba. Sawa.

Sasa turudi msimu wa 2015/16. Ligi ilikuwa na timu 16, za kushuka tatu. Zikashuka Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT. Zote za mkoa wa Tanga! Na Coastal hiyohiyo, bingwa wa mwaka 1988, Januari 2016 ilikuwa imeichapa Yanga 2-0 pale Mkwakwani. Yanga ikachukua ubingwa, Coastal ikashuka daraja. Hebu niambieni: klabu mbili za wanachama na moja ya jeshi, kila moja na benchi lake la ufundi, zinaporomoka msimu mmoja, hapo tumlaumu kocha yupi?

Timu inayomfunga bingwa haijakosa mbinu. Imekosa kikosi cha kuhimili mechi 30, wa akiba akiingia pengo lisionekane. Kikosi hicho Tanga haiwezi kukinunua dirishani ikigombania wachezaji na Simba, Yanga na Azam. Labda ikilee. Na pa kukilea papo. Panda Mlalo au Bumbuli, huku Lushoto, jioni uone: uwanja umeinamia bondeni, aliyeshinda shilingi anachagua kushambulia kuelekea mteremko, na mpira ukitoka, mtoto anaufuata chini hadi kwenye matuta ya kabichi, wenzake wakimpigia kelele afanye haraka. Vijana hawa wamepanda milima hii tangu darasa la kwanza. Pumzi wanazo. Kuna aliyewahi kutumwa na klabu kuja kuwatazama, japo Jumapili moja?

Hapa ndipo subira inaponiishia. Kila timu ikiyumba tunatangaziwa kocha mpya, tunapigiwa picha akivishwa skafu, kisha tunaambiwa tuwe wavumilivu. Tuvumilie nini? Mara hii uongozi uache skafu, ututajie majina: katika kikosi cha sasa, nani katoka Lushoto, nani Korogwe, nani Muheza, na nani aliyewaibua. Majina hayo yasipojaza hata benchi la akiba, viongozi watueleze kosa la Ouma lilikuwa lipi.